Kabla Hawajakuuliza Habari za Mjomba Shomari

Kwako mwanangu Rukia,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kama unaisoma barua hii basi umefungua khanga yenye vitumbua, na kama umeifungua basi umeshashuka kwenye gari la Afande na umepanda basi, umekaa na watu wasiokujua. Ndivyo nilivyotaka. Nakujua mwanangu, huli mbele ya mgeni hata tumbo likulie namna gani, kwa hiyo barua nimeiweka kwenye chakula nikijua utaifikia ukishakuwa peke yako.

Ninapoandika bado uko chumba cha pili, nasikia kitanda kinavyolia unapojigeuza. Lakini nakusalimu kama mtu aliye mbali, ili nianze kuzoea.

Baba yako anakusalimu, ingawa mmeachana Msata punde hivi. Najua amekushika bega tu kisha akageukia upande wa mizigo. Usimhesabie. Huko kwenye mashamba ya chumvi wenzake wamechoka kusikia habari zako, kila akipumzisha koleo anaanza, "binti yangu anakwenda uaskari." Bibi yako anakusalimu, magoti yanamsumbua lakini sauti ipo, anasema huko Moshi kwenye baridi usivue soksi hata watu wakikucheka. Mdogo wako Dula anakusalimu na anauliza bunduki mtapewa siku ya kwanza au mpaka muijue kwanza. Shangazi yako wa Kiwangwa anakusalimu, ameleta mananasi jioni ukiwa kwa fundi cherehani, tumekuwekea moja kwenye mfuko wa rambo, lile dogo, maana kubwa lingekuelemea. Mama Hadija wa nyumba ya tatu hajatuma salamu. Usishangae, sababu yake iko huko chini. Na mjomba wako Shomari anakusalimu sana, sana. Nimemweka wa mwisho kwa kuwa barua yenyewe ni yake.

Sisi sote wazima, alhamdulillah, hofu ni kwako wewe.

Utanivumilia mwandiko, mama yako aliishia darasa la nne. Habari za kula vizuri, kuswali, kutokopesha sabuni, hizo umezisikia mpaka umeziba masikio, siziandiki. Nataka kukueleza jambo moja ambalo umelijua nusu. Ile nusu unayoijua ni kwamba mjomba wako alifungwa kwa kuuza unga. Nusu nyingine ni kwamba katika maisha yake Shomari hajawahi kuuza kitu kwa pesa, hata samaki.

Wewe ulikuwa mdogo. Banda langu la samaki wa kukaanga na muhogo lilikuwa kule chini karibu na mnada, si hapa lilipo sasa. Unajua sisi tulivyolelewa. Bibi yako alikuwa akitoka Kiwangwa na muhogo kichwani, akifika pwani anarudi na ng'onda, samaki wa kukausha, na hapakutoka shilingi kwa mtu yeyote. Anayesaidia kuvuta chombo anapewa kitoweo. Anayeshona nyavu anapewa kitoweo. Mkaa kwa samaki, nazi kwa dagaa. Mimi nikakua nikiamini kwamba kitu kikitoka mkono huu kikaingia mkono ule bila pesa, basi ni udugu. Pesa ndiyo niliyoiona chafu. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na nililichukua kwa watu wema, ndiyo maana sikulishtukia.

Basi walipoanza kuja wale vijana, mateja, hawana pesa, midomo mikavu, wanajikuna, mmoja kaja na bisibisi, mwingine na redio, mwingine na kipande cha chuma cha boti, mimi niliwapa sahani. Nilisema moyoni, huyu ana njaa na mimi nina muhogo. Vile vitu nikavisukuma chini ya benchi. Jioni au kesho yake anakuja mtu mmoja safi, mpole, tulikuwa tukimwita Tende kwa sababu kila Ramadhani aliwagawia watu tende. Anainama chini ya benchi anatazama. Anasema, "Mama Rukia, hiki cha nani?" Namwambia kaacha fulani, kala. Ananilipa sahani, tena ananizidishia, anakichukua. Mimi nikawa nafurahi, nikamwombea dua. Sikujiuliza kwa nini mtu mwenye uwezo wake anunue redio mbovu kwa bei ya muhogo.

Kumbe yule kijana wa redio alikwisha kukubaliana na Tende tangu maskani kwao. Redio ni ya kete, kile kipakti kidogo cha unga. Ila Tende hataki kuipokea mkononi mwa kijana wala hataki kuitoa kete kwa mkono wake, anasema, "Peleka kwa mama wa samaki, ule, halafu mtafute Shomari." Shomari anakaa chini ya ukuta anashona nyavu, kete ziko ndani ya mpira wa uzi. Anampa kijana moja. Ujira wake na yeye ni kete. Hivyo kitu kinapita kwangu, unga unapita kwa ndugu yangu, Tende anapita katikati mikono mitupu kama mtu anayekwenda msikitini.

Nilijua Shomari anavuta. Nani asijue, alikuwa akisinzia na sindano ya nyavu mkononi. Nilichokuwa sijui ni kwamba mimi na yeye tulikuwa duka moja.

Sasa sikia polisi walivyofanya, maana hii ndiyo kazi unayokwenda kujifunza. Walikuwa wamehangaika muda mrefu. Wakimkamata kijana hana pesa mfukoni, wakimpekua Tende hana unga, hakuna noti yoyote ya kufuatilia. Wakachukua sufuria mpya, wakaikwaruza kwa msumari chini kwenye kitako, wakampa kijana mmoja ambaye walikuwa na kesi yake, wakamwambia akabadilishe. Ikaja kwangu. Ilikuwa nzuri, Rukia, nzito, nikaitamani. Nikasema Tende akija nitamwambia hii naibakiza mimi. Nikapikia wali.

Wakaja asubuhi watu wanne wamevaa kiraia. Mmoja alikuwa kijana, mrefu, amevaa miwani nyeusi hata ndani ya banda lenye moshi. Alimwaga wali wangu wote chini, akageuza sufuria akatazama kitako, akacheka. Unamjua. Ndiye huyu Afande uliyeshuka kwenye gari lake.

Shomari walimchukua na mpira wake wa uzi, na kule kituoni mimi walinikalisha kwenye benchi, yule mwenye miwani, tangu hapo namwita Miwani, akawa anauliza na mwenzake anaandika.

"Sahani ya samaki na muhogo bei gani?"

"Kwa nani?"

"Kwa mteja, mama."

"Inategemea kaja na nini."

Yule anayeandika akainua kalamu. "Afande, niandike nini hapa?"

"Andika bei."

"Hajataja bei."

"Mama, sikiliza. Mahakama inataka kujua sufuria ilibadilishwa na kitu cha thamani gani. Nipe bei."

Nikamwambia, "Mwanangu, hatukuuziana. Yeye alikuwa na njaa, mimi nina muhogo. Wewe ungeandikaje kwa mama yako?"

Mwandishi akacheka puani. Miwani hakucheka. Akavua miwani, ndiyo mara ya kwanza nikamwona macho, akaniambia taratibu kabisa, "Mama, ngoja nikufundishe. Sheria haitazami pesa. Kumpa mtu ni kosa. Kubadilishana ni kosa. Hata angekuwa amempa bure kwa huruma, ni kosa lile lile, ni muuzaji. Ndugu yako ni muuzaji. Na duka ni lako."

Hayo aliyosema ni kweli. Siilaumu sheria mwanangu, usije ukafikiri mama yako anatetea unga. Nimewaosha watoto wa watu waliokufa kwa unga, nimewafunga vidole vya miguu. Ninachosema ni nani alibaki na mzigo. Tende na yeye walimkamata, ila alipanda mbele kwenye gari, na kabla ya alasiri watu walimwona kwenye kijiwe cha kahawa. Na yeye alibadilishana. Alitoa majina. Majina hayana kitako cha kukwaruza, hayaachi alama. Shomari hakuwa na jina la kutoa, jina alilokuwa nalo ni la Tende na hilo walikuwa wanalo tayari. Akaenda jela kama muuzaji mkubwa, mtu ambaye hata ndala zake zilikuwa za kupewa.

Na mimi? Mimi Miwani alinifungulia mlango. Nikamuuliza nadaiwa nini, akasema, "Hamna kitu, mama. Nenda kapike. Tutaonana."

Neno hilo lilinifurahisha. Nilirudi nyumbani nikilisema mwenyewe njiani. Muda mrefu baadaye, Shomari aliporudi, alinihadithia siku Tende alipompa kete ya kwanza kabisa, akiwa na jino linamuuma. Alimuuliza analipaje. Tende akamwambia, "Hamna kitu, ndugu yangu. Tutaonana." Maneno yale yale. Nilimwambia Shomari nyamaza, nikaenda uani nikakaa.

Maana kufikia hapo nilikuwa nimeshalipa sana.

Miwani alianza kuja bandani kula. Sikumtoza, ningemtozaje. Anakula, anasifia pilipili, anauliza habari za magoti ya bibi yako. Kisha anauliza tu, kama mtu anayepiga soga, "Leo kaja nani na nini?" Nami napiga soga. Namwambia fulani kaja na feni, nimemfukuza. Fulani kaja na wavu wa baba yake. Nilidhani najitakasa, nionekane sipokei tena. Vijana wakawa wanapotea. Mmoja leo, mwingine baada ya wiki, na kila aliyepotea nilikuwa nimemtaja nikiwa nageuza samaki. Wengine walirudi wamevunjwa. Wengine walirudi wanamfanyia yeye ile kazi ya sufuria. Wale wakubwa hawakuguswa, kwa sababu wakubwa hawaji kula muhogo kwangu.

Watu wakaanza kupungua bandani. Nilidhani ni biashara imekaa vibaya. Kisha wakamchukua Juma wa Mama Hadija. Kosa lake alichukua redio ya kwao akaibadilisha. Ilikuwa redio ya kwao, Rukia, ya babake, na mimi ndiye niliyesema nimeiona. Mama Hadija alikuja bandani saa ya wateja, hakupiga kelele. Akachukua kipande cha muhogo, akakitazama, akakirudisha.

"Nimekula kwako tangu hatujaolewa, Mwanahawa. Kumbe na wewe siku hizi unakaanga watoto."

Nilisema, "Dada, sikujua."

Akasema, "Ungejuaje, hukulipwa."

Akaenda. Hajanisalimia mpaka leo, na Juma hajarudi kuwa yule Juma. Ndipo nikahamisha banda, nikaanza kuuza kwa pesa tu. Watu wanaona nimekuwa mkali, mtu akija na yai moja akitaka chumvi namwambia kalete pesa. Wanasema mama Rukia siku hizi ana roho ya duka. Waache waseme.

Nisikudanganye, polisi wote si Miwani. Alipita hapa dada mmoja, Afande Neema, mtu wa bara, ana mdomo mchafu huyo, akitukana hata makuli wanainamisha kichwa. Yeye akimkuta kijana na wavu wa watu hakuanza na kesi. Anamwambia, "Beba mwenyewe, twende kwa mwenye nao," wanaongozana pwani nzima kijana kajitwika, aibu tupu, wavu unarudi, mwenye nao kesho anaweza kwenda baharini. Kisha anampeleka yule kijana hospitali kwenye dawa. Aliwahi kuniambia, "Mama, hapa kila mtu ana kitu cha mtu. Ukifuata kitu, utamkuta maskini. Mimi nafuata anayenenepa." Hakukaa sana, alihamishwa. Sijui kwa nini na sijauliza, ila nilijua siku ile kwamba mtu akifuata anayenenepa, kazi inakuwa ngumu. Nakuambia ili ukija kuwa peke yako na hizo nguo, ujue kwamba inawezekana. Nimeiona kwa macho yangu.

Sasa nije kwenye leo.

Ulipotuma maombi nilikataa, unakumbuka, nikasema kazi ya jua kali, nikasema hutaolewa. Uongo mtupu. Niliogopa siku watakayochunguza ukoo, wakute mjomba kafungwa na mama kakalishwa kituoni. Nikangoja wakurudishe. Hawakukurudisha. Ukaja unakimbia na ile karatasi yako, baba yako akakuinua juu kama mtoto, nami nikashangilia na wenzangu. Nikawa najiuliza, wamepitaje pale pa ukoo?

Wiki iliyopita nikajua. Miwani, ambaye siku hizi ana cheo na tumbo, alipita bandani, hakukaa. Akasema, "Mama Rukia, binti yako walileta jina kwetu wanauliza. Nikawaambia familia safi, haina kitu." Nikamwambia Mungu akulipe. Nikamuuliza, nikupe nini mwanangu.

Akaniambia, "Hamna kitu, mama."

La pili hakulisema. Alilisema leo, kwako, kwenye pilau ya kukuaga, ulipokuwa unamnawisha mikono. Ulicheka, ukasema, "Tutaonana, afande, mpaka mtanichoka." Baba yako alicheka. Hata bibi yako. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la pilau, nikaliweka chini nisiliangushe.

Nani alimwalika? Hakualikwa. Alikuja na soda na maneno mazuri, akakaa mkekani kama mjomba, akasema kesho asubuhi ana safari, atakupeleka Msata usihangaike na mizigo. Mjomba mwenyewe alikuwa jikoni, hakutoka. Utaniuliza mbona sikukataza. Kukataa mbele yake ni kumwonyesha kwamba nimeelewa, na akijua nimeelewa hataacha, ataharakisha tu. Kwa hiyo nilimgeukia baba yako nikasema si ulisema una shida ya mbao Msata, nenda nao. Masikini, hakuwa na shida yoyote ya mbao. Alinitazama, akasema, "Eee, zile mbao." Leo anajua. Nimemweleza tulipoingia ndani, yote, na hakunikatiza.

Sijui Miwani alikuambia nini garini. Kwa kuwa baba yako alikuwepo, nadhani aliongea habari za mpira. Huenda alikupa namba yake akasema wewe ni mwanangu, ukipata shida yoyote huko nipigie. Huenda alikupa kitu, simu, saa, fulana ya baridi. Usikitupe dirishani kwa hasira. Kiweke, usikitumie, na huko utakapofika kitoe pamoja na maneno ninayokuomba hapo chini.

Anachotaka sikijui, na ndilo linaloninyima usingizi. Angeomba ng'ombe tungehangaika tukampa, yakaisha. Hakuomba. Ameweka kitu chini ya benchi langu, Rukia, na kitu chenyewe ni wewe. Siku moja utakuwa umepangiwa mahali, bandarini au barabarani, kutakuwa na gari la kupita, au faili la kupotea, au kijana wa kumtaja tu kama soga. Atakupigia simu. Atakuuliza magoti ya bibi yanaendeleaje. Kisha utakumbushwa kwamba uliingia kazini kwa neno lake, na kwamba neno lile lilikuwa la uongo, na wewe ulijua kwenu kukoje ukanyamaza. Hapo hutakuwa na pa kushika. Nimekaa upande ule wa benchi, najua unavyokuwa. Hakuna siku unayoamua kuwa mbaya. Unageuza samaki tu na kujibu swali.

Kwa hiyo nakuomba, na kuomba si kuamuru, umeshakuwa mtu mzima. Ukifika, kabla hawajakuuliza, kabla hujavaa hizo nguo, mtafute mkubwa wao, kama ni mwanamke heri. Mwambie mjomba wangu Shomari alifungwa kwa unga. Mwambie mama yangu Mwanahawa alikalishwa kituoni kwa sufuria. Mwambie aliyeandika kwamba sisi safi anatujua vizuri kuliko ndugu zetu. Sema basi, usiongeze wala usilie.

Wanaweza kukurudisha. Najua ninachokuomba. Nimekuona asubuhi ukikimbia kwenye mchanga mpaka unatapika, ili upite ile mbio yao. Nimekuona ukipiga pasi karatasi iliyokunjika. Mama gani anamtuma mwanawe akaharibu riziki yake kwa mdomo wake mwenyewe? Nimejiuliza hilo tangu Isha. Jibu ninalolipata ni kwamba wakikurudisha kwa hilo utarudi mikono yako ni yako. Utarudi hapa, chumba hakipangishwi kwa mtu, utauza muhogo na mimi kwa pesa taslimu, tutagombana. Na wakikubakiza wakijua yote, basi hana tena kitu chako cha kushika.

Usifikiri nimesahau upande wetu. Ukisema, habari itarudi huku, na yeye atakuwa wa kwanza kuipata. Akitaka kukuta sufuria chini ya benchi langu ataikuta, sufuria hazikosekani. Mimi siogopi sana kwa ajili yangu, nimeshakalishwa, benchi ni lile lile. Namwogopea Shomari. Unajua kila asubuhi lazima aende hospitali akanywe ile dawa yake mbele ya nesi, asipokwenda siku moja tu mwili unamgeuka, arosto inarudi. Nilitaka nimpeleke kwa shangazi Kiwangwa, hawezi, dawa iko hapa. Hana pa kujificha, na Miwani anajua njia anayopita. Kesho nitaanza kumsindikiza. Nimemwambia nasindikiza kwa ajili ya mazoezi ya magoti, akanitazama akasema, "Dada, magoti ni ya mama." Anajua. Nilipomwambia nakuandikia nini hakunizuia. Alivuta uzi, akasema, "Amwambie jina langu lote. Shomari wapo wengi." Basi.

Radhi yangu unayo, ukisema na usiposema. Hilo usilichanganye na ombi langu. Sitaki uende ukaseme kwa kuogopa radhi, hiyo nayo ni biashara, na nimechoka nayo.

Vitumbua kula, vikilala vinachacha. Mpe na jirani yako wa kiti.

Sasa nakuomba uniletee habari upesi. Nasikia huko mkifika mnakusanywa simu, basi piga kabla. Usinipigie mimi, simu yangu inakaa juu ya meza bandani na kila anayekula anaiona inavyowaka. Mpigie baba yako, atakuwa amesharudi kwenye chumvi, kule hakuna mtu wa kusikiliza. Mwambie nimesema, au mwambie sijasema. Maneno hayo tu yanatosha, ataniletea kwa baiskeli. Usinifiche kwa kunionea huruma. Ukiwa umesema, nina ya kufanya kabla ya kesho yake asubuhi, kabla Shomari hajatoka kwenda kwenye dawa. Nataka habari yako inifikie kabla ya kumfikia Miwani. Fanya haraka, mama.

Ni mimi mama yako,
Mwanahawa